Pointi 113: kisa cha mwanafunzi aliyepiga msuli mwaka mzima bila kupata A hata moja

Maelezo yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa: chuo, mwaka, mkoa anakotoka na majina ya wote waliomzunguka. Nitamwita Z, herufi ambayo haimo katika jina lake. Ameusoma uchambuzi huu na kuukubali, isipokuwa sehemu moja ambayo bado tunabishana, nitaitaja ikifika.

Usuli

Z aliingia chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania kusomea shahada ya uhasibu ya miaka mitatu. Kidato cha sita alisoma mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), akafaulu vizuri bila kutikisa nchi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ulimfikia nusunusu, na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo huo, lilipochelewa alijazia pengo kwa kusuka nywele hosteli. Yeye ni msusi hasa. Wasichana wa vyumba vya juu walikuwa wakishuka na viti vyao kumsubiri, na twende kilioni yake ilijulikana mpaka hosteli ya pili.

Mimi nilikuwa mshauri wa kitaaluma wa kundi lake. Mwaka wa kwanza alinijia mara moja tu, baada ya matokeo ya muhula wa kwanza. Nikamwambia aongeze bidii. Nayaandika haya kwa aibu, maana bidii ndiyo kitu pekee ambacho hakikumpungukia.

Kwa wasiojua mfumo wetu: A huanzia alama 70 na ina pointi 5, B+ huanzia 60 na ina pointi 4, B huanzia 50 na ina 3, C huanzia 40 na ina 2. Chini ya hapo unarudia mtihani, yaani sapu, na ukifaulu sapu unapewa C, hata kama umepata 90. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, yaani uzito wa kozi, zikajumlishwa kwa miaka yote, zikagawanywa kwa jumla ya krediti. Hiyo ndiyo GPA. Daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Katika kila kozi ya Z, alama 40 zilitokana na kosiweki, yaani majaribio na kazi za ndani ya muhula, na 60 na mtihani wa mwisho wa muhula.

Mwaka wa kwanza

Siku ya Z ilikwenda hivi. Asubuhi mihadhara. Mchana anapitia steshenari kununua desa la wiki, yaani nakala ya notisi. Jioni anakwenda kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, na kalamu ya njano, anasoma desa mara ya kwanza huku akipaka rangi, mara ya pili akisoma palipopakwa rangi, mara ya tatu akisoma yote kwa sauti ya chini. Saa mbili usiku linakusanyika kundi la diskasheni, watu kumi na mmoja. Mmoja anafundisha, wawili wanabisha, wengine wanatikisa kichwa. Z alikuwa wa kutikisa kichwa. Akirudi chumbani saa sita, analisoma desa tena akiwa kitandani.

Zikifika wiki mbili za mitihani, usingizi wake ni wa saa tatu tu kila usiku.

Mwisho wa mwaka alikuwa na kozi kumi: B+ mbili, B nne, C nne, na moja ya hizo C ilitokana na sapu. GPA 2.8. Kilichomuuma zaidi ni kwamba katika mitihani mingi alitoka ukumbini akiamini amefanya vizuri. Aliyaona maswali, akayatambua, hata ukurasa wa desa ulikotoka jibu aliukumbuka, mpaka doa la chai lililokuwa pembeni.

Karatasi tupu

Mwanzoni mwa mwaka wa pili alirudi ofisini kwangu na desa la taarifa ya mtiririko wa fedha, kurasa kumi na nne, njano tupu.

"Madam, hii topiki nimeshaielewa, nimeisoma mara nne. Lakini nilipata 13 kati ya 30 kwenye hilo swali."

Nililifunga desa nikaliweka chini ya kitabu. Nikampa karatasi tupu na namba chache: faida kabla ya kodi, uchakavu wa mwaka, wadaiwa mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Nikamwomba anipatie fedha zilizotokana na shughuli za biashara. Akaandika kichwa cha habari vizuri sana, akapiga mstari kwa rula, akaandika faida. Kisha kalamu ikasimama.

"Uchakavu unajumlisha au unatoa?" nikamwuliza.

"Unajumlisha," akasema.

"Kwa nini?"

Kimya. Baadaye akasema, "Kwenye desa wamejumlisha."

Nikamwuliza kuhusu kazi yake ya nywele. Ana draya aliyonunua mwaka jana. Mwaka huu akiandika kwamba imechakaa kwa shilingi elfu ishirini, faida yake inashuka. Je, kuna hela imetoka mkononi mwaka huu? Hakuna. Basi, ukitafuta hela iliyopo, ile elfu ishirini unairudisha. Na wale dada wanaosukwa kwa ahadi ya "bumu likitoka"? Akacheka. "Hao ndio wadaiwa. Faida ipo, hela haipo. Unatoa." Ndani ya dakika kumi na tano akamaliza swali, akakosea mara mbili, akajisahihisha mwenyewe.

Alichokuwa nacho mwaka mzima kilikuwa ni kulitambua jibu akiliona. Mtihani haumwonyeshi mtu jibu akalitambua, humtaka alitoe kichwani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja kisha likajaribu mara tatu kukiandika bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima wakawa na 61. Zile dakika tano za kwanza ndizo zilizokuwa zikimdanganya Z kila usiku pale kwenye kimbweta. Alilala akiwa mshindi.

Hesabu ambayo hakuna aliyemfanyia

Kabla ya kuzungumzia njia za kusoma nilimwuliza anataka nini. Akasema daraja la kwanza.

Kozi zake zote zilikuwa na krediti 12, kumi kwa mwaka, thelathini kwa shahada nzima, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. (Kwa anayesoma kozi zenye krediti tofauti, A ya kozi nzito ina thamani kuliko A ya kozi nyepesi, na ni ajabu wangapi wanaugawa muda wao bila kujua hilo.) Daraja la kwanza linahitaji 4.4 mara thelathini, yaani pointi 132. Mwaka wa kwanza alikusanya 28. Kozi ishirini zilizobaki, akipata A zote bila kukosa hata moja, zingempa 100. Jumla 128.

Daraja la kwanza lilikuwa limeshaondoka tangu Julai, na yeye alikuwa bado amelibandika ukutani.

Alilia. Sikuwa na la kusema, nikamsogezea maji. Ila hesabu hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili: daraja la pili la juu lilitaka pointi 105, yaani 77 zaidi katika kozi ishirini, wastani wa chini kidogo ya B+. Na kulikuwa na mstari wa katikati ambao yeye mwenyewe aliuchagua. Nafasi za ukufunzi msaidizi vyuoni kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8. Hiyo ni pointi 114. Akaiandika 114 nyuma ya kitambulisho chake kwa kalamu ya mafuta.

Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu katika mfumo huu anayemaliza mwaka wa kwanza chini ya 3.2 hawezi tena kufikia daraja la kwanza, afanye afanyavyo. Ni hesabu ya darasa la sita. Hatuwaambii.

Maamuzi, na yaliyovunjika njiani

La kwanza lilivunjika haraka. Alichora ratiba ya rangi nne kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano usiku, ikadumu siku tisa. Ratiba ile haikuwa na foleni ya maji, haikuwa na mteja wa nywele, haikuwa na siku za hedhi, haikuwa na mhadhiri anayehamisha kipindi kwa ujumbe wa CR (kiongozi wa darasa) saa mbili kabla. Tuliifuta. Badala yake akabaki na jambo moja: kila mhadhara, kabla hajalala siku hiyo, aandike nusu ukurasa bila kutazama chochote, kisha ndipo afungue desa na kuongeza kwa wino mwekundu alichosahau. Wino mwekundu ndio uliokuwa orodha yake ya kusoma. Karatasi alizipata bure steshenari, zile zilizochapwa vibaya upande mmoja.

Wino mwekundu ulirudiwa kwa kuachanisha siku: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu hivi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha tangu 1885 jinsi kusahau kunavyoporomoka kwa kasi mwanzoni kisha kutulia. Ukirudia kabla hujaporomoka hadi chini, mteremko unaofuata unakuwa mpole. Z hakuhitaji jina la Mjerumani. Alihitaji kadi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili.

Na hapa ndipo aliponishinda mimi mshauri wake. Nilimwambia apunguze kusuka. Alikataa: bila nywele hakuna chakula wiki ya tatu ya mwezi. Alichofanya ni kukusanya wateja wote Jumamosi, na kumpa kila mteja rundo la kadi. Mikono ya msusi imeshughulika, ya mteja haina kazi. Mteja anasoma swali, Z anajibu huku akisokota, mteja anageuza kadi na kusema "umekosa" au "sawa". Kusuka mtu mmoja huchukua saa tatu hadi nne. Nilimkuta siku moja, binti wa sosholojia kakaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, anasoma kwa taabu: "Tofauti ya gharama isiyobadilika na... hii nini, madam?" Kufikia mwisho wa muhula wateja wawili walikuwa wakijua gharama za uzalishaji kuliko baadhi ya wanafunzi wangu.

Kundi la diskasheni lilipunguzwa kutoka kumi na mmoja hadi wanne, kwa sharti moja: huingii bila jibu lako lililoandikwa. Wawili waliondoka wiki ya pili, wakapatikana wengine. Kundi lilikuwa dogo lakini halikuwa na wa kutikisa kichwa.

Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, zilifanywa kwa kupima muda, saa tatu kamili, simu mbali, na kusahihishwa siku inayofuata. Mwanzoni alikuwa akimaliza maswali matatu kati ya matano. Huo ulikuwa ugunduzi wake: sehemu ya alama za mwaka wa kwanza hazikupotea kwa kutojua, zilipotea kwa kuandika kurasa nne kwenye swali la kwanza kwa sababu alilipenda.

Lugha

Hii naiweka peke yake kwa sababu haikuwemo kwenye mpango wetu na karibu iharibu yote.

Kujieleza kwa Kiswahili kulimfungua. Ile draya na wale wadaiwa wa bumu vilimpa maana. Lakini mtihani ni wa Kiingereza, na katika jaribio la kwanza la mwaka wa pili alipata 7 kati ya 15 kwenye topiki aliyoweza kumfundisha mtu yeyote kwenye korido. Nilipoisoma karatasi yake niliona: hesabu sahihi, maelezo ya mstari mmoja, sentensi zimekatika katikati. Alikuwa anafasiri huku saa inakimbia.

Alichokubali kufanya ni kumalizia kila nusu ukurasa wa usiku kwa sentensi mbili za Kiingereza, akizitunga mwenyewe, zikieleza *kwa nini*. Si kunakili za desa. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa na daftari zima la sentensi zake. Sehemu tunayobishana ni hii: yeye anasema angeanza na Kiingereza moja kwa moja angeokoa muhula mzima. Mimi nasema bila draya asingekuwa na cha kufasiri.

Matokeo

Mwaka wa pili: A tatu, B+ tatu, B nne. GPA ya mwaka 3.9.
Mwaka wa tatu: A sita, B+ nne. GPA ya mwaka 4.6.

Jumla, 28 na 39 na 46, pointi 113. Ukigawanya kwa 30 unapata 3.766. Chuo chake hukata kwenye desimali moja bila kupandisha, kwa hiyo cheti kinasomeka 3.7. Daraja la pili la juu, pointi nane juu ya kiwango alichohitaji. Na pointi moja chini ya 114.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kufunga desa. Mengine yote yalikuwa vyombo vya kubebea hilo. Mapitio makubwa ya John Dunlosky na wenzake ya mwaka 2013 yalipima mbinu kumi za kujisomea. Kujipima na kuachanisha marudio zilitoka juu, kupaka rangi na kusoma upya zikatoka chini. Ukitembea kwenye vimbweta vyetu wakati wa mitihani utakuta hizo za chini ndizo zinazotumika, kwa sababu zinamfanya mtu ajisikie vizuri. Karatasi tupu inaudhi. Z alisema mwezi wa kwanza alijiona mjinga kuliko alivyowahi kujiona, na mara mbili alirudi kwa siri kwenye kalamu ya njano.

Kadi zilimsaidia kwenye kozi za hesabu na kanuni. Kwenye kozi ya maendeleo zilimwangusha. Aligeuza kila mada kuwa vidokezo sita, akavimwaga vyote sita kwenye kila swali, na mhadhiri aliyetaka hoja moja ijengwe akampa B. Kadi haikufundishi kujenga hoja. Tulichelewa kuliona hilo hadi matokeo yalipotoka.

Tahadhari kidogo. Huyu ni mtu mmoja. Mwaka wa tatu ana kozi za kuchagua na alichagua alizozipenda. Sehemu ya zile A sita ni ya hilo, na sehemu ni ya kuzoea chuo tu. Siwezi kutenganisha.

Sasa ile pointi moja. Tuliitafuta pamoja, nikiwa na karatasi za matokeo na yeye akiwa na kumbukumbu. Takwimu, muhula wa pili wa mwaka wa pili: 58, B. Mtihani wa mwisho 36 kati ya 60. Kosiweki 22 kati ya 40, nayo ikigawanyika hivi: jaribio la kwanza 8 kati ya 15, la pili 10 kati ya 15, asainimenti 4 kati ya 5, kwizi ya semina 0 kati ya 5. Sifuri ile si ya kukosa majibu. Wiki ile kulikuwa na jaribio la kodi, na Z, aliyekuwa ameacha kukesha kwa miezi sita, alikesha. Semina ya takwimu ilianza saa moja asubuhi. Kwizi ilitolewa bila taarifa, dakika kumi, maswali matano. Yeye aliamka saa mbili na nusu. Alama mbili tu kati ya tano zingeifanya 58 kuwa 60, B kuwa B+, na 113 kuwa 114.

Hakwenda kuomba kuifanya tena kwa sababu aliona alama tano ni kidogo. Na mimi, mshauri, aliponiambia juu kwa juu kwenye ngazi kwamba amekosa "kikwizi kimoja", nilimwambia asijali.

Siku hizi nawaita wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wiki ya pili ya Novemba, kabla jaribio lolote halijafanyika. Nawapa karatasi tupu, tunaandika idadi ya kozi, krediti zake na pointi za daraja wanalolitaka, halafu chini tunaandika kosiweki ya kila kozi inagawanyikaje. Huchukua saa moja na nusu. Z hufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, sasa, na Jumamosi bado anasuka; kadi zake wanazishika wateja wa mtaani, ambao wanalalamika kwamba maswali yamekuwa marefu.